Taya Lililogoma Kupona

Kiwandani Orange, New Jersey, tangu 1917, wasichana walipaka tarakimu za saa kwa rangi ya radiamu iliyong'aa gizani. Ili ncha ya brashi ibaki nyembamba waliibana kwa midomo, wakaichovya, wakapaka, wakaibana tena. Mmoja wao, Mollie Maggia, aling'olewa jino, na tundu likakataa kufunga. Yakafuata meno mengine, kisha vipande vya taya lenyewe vikabaki mkononi mwa daktari wa meno. Alifariki Septemba 1922, na cheti cha kifo kikasema kaswende. Kaburi lilipofukuliwa 1927, mifupa yake ilikuwa bado inatoa mionzi, na dalili ya kaswende haikuonekana. Kwa maoni yangu, tahadhari anayoichukua daktari leo kabla ya kupandikiza jino kwenye taya lililopigwa mionzi inadaiwa zaidi na matundu yale ya meno kuliko na maabara yoyote.

Itasemwa kwamba Claudius Regaud wa Paris alikwisha kuandika, mwaka huohuo wa 1922, juu ya mifupa iliyokufa baada ya tiba ya mionzi. Ni kweli. Ila wagonjwa wa aina hiyo walikuwa na saratani, na ni rahisi kuutwisha ugonjwa lawama ya tiba. Wasichana wa Orange hawakuugua saratani walipoanza kazi. Ndiyo maana Theodor Blum, daktari wa meno wa New York, alipoitaja 1924 hali aliyoiita taya la radiamu, kisingizio kilipungua. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: radiamu hujificha mfupani kana kwamba ni kalisi na kuchoma kutoka ndani miaka yote, ilhali tiba ya saratani hupigwa kutoka nje kwa wiki chache. Vipimo vya kiwandani, basi, havihamishiki hospitalini. Kinachohamishika ni namna mfupa unavyoshindwa: seli za kuujenga hupungua, mishipa midogo ya damu huziba, na kidonda kidogo tu huonyesha kwamba akiba ya uponyaji imekwisha.

Na kipandikizi ni kidonda cha makusudi. Per-Ingvar Brånemark aliona kuanzia 1952, katika mifupa ya sungura, kwamba titaniamu, metali ya vipandikizi, hushikamana na mfupa hai. Mfupa wenyewe ndio unaofanya kazi hiyo. Robert Marx alipoeleza 1983 kwamba mfupa uliopigwa mionzi hukosa oksijeni, seli na mishipa, wengi waliwaingiza wagonjwa katika vyumba vya oksijeni yenye shinikizo kabla ya upasuaji. Jaribio la Uingereza lililochapishwa 2019, lililohusu kung'oa meno na kupandikiza katika taya la chini, halikuona faida yake. Hata hivyo sikubaliani na wanaomnyima kila mgonjwa kipandikizi: vipandikizi vingi hushika, ingawa si kama katika mfupa mzima, na hatari hukua kipimo cha mionzi kinapovuka takriban grei 50 hadi 60, hasa taya la chini, hata baada ya miaka mingi.