Vihisi visivyo na waya viwandani: angalia masafa kabla ya kuvuka Songwe

Eneo la Kanengo mjini Lilongwe ndilo lenye mnada wa tumbaku na viwanda vya kuisindika. Kabla ya kufungwa, tumbaku hukaushwa upya hadi ibaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ukizidi, mzigo huota ukungu njiani. Ukipungua, majani huvunjikavunjika. Kontena likishafungwa kwenda Beira, Nacala au Dar es Salaam, dereva hana la kufanya tena.

Unyevu na joto hupimwa kwa vihisi. Kuvuta waya kutoka kila kihisi hadi chumba cha kuongozea mitambo mara nyingi hugharimu kuliko kihisi chenyewe, ndiyo maana viwanda duniani vimegeukia redio. Katika mfumo wa WirelessHART, uliotolewa mwaka 2007, vihisi vya betri hupokezana ujumbe: njia moja ikizibwa na rundo la marobota, ujumbe hupitia kwa kihisi jirani. Mfumo huo hutumia gigahezi 2.4, masafa yale yale ya Wi-Fi, yanayokubalika karibu kila nchi.

Tatizo lipo kwenye vifaa vya bei nafuu vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambavyo hutumia megahezi 902 hadi 928. Nchini Malawi, kama ilivyo Tanzania, simu za GSM hutumia 890 hadi 915 kupeleka mawasiliano kwenye mnara. Masafa hayo yanagongana. Vifaa vya soko la Ulaya hutumia 868 na haviingii humo. Namba huandikwa mgongoni mwa kifaa au kwenye boksi. Isomwe dukani, Dubai au Kariakoo, si forodhani Songwe. Hata chenye masafa sahihi huhitaji idhini ya MACRA, mamlaka ya mawasiliano ya Malawi, na ni heri muuzaji aombwe karatasi za vipimo mapema.

Redio inafaa kupima, si kusimamisha mashine. Hata kwenye mashine ya kusaga mahindi yenye mota moja, kitufe cha dharura kibaki kwenye waya, kwani ujumbe wa redio unaweza kuchelewa. Bati na chuma navyo hurudisha mawimbi, kwa hiyo kipokezi kiwekwe juu, mbali na mota.

Mafundi je? Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994, ina vijana wanaozungumza Kiswahili waliojifunza kompyuta humo humo kambini. Lakini Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake kuhusu ajira na uhuru wa kutembea, na mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa mijini warudi kambini. Mwenye kiwanda Kanengo asimwite fundi wa Dzaleka kwa simu tu. Kwanza aulize idara ya wakimbizi kuhusu vibali. Kuandaa programu na kujaribu vihisi kunaweza kufanyika kambini, vifaa vikapelekwa Lilongwe vikiwa tayari kufungwa.