Desturi za sikukuu za China zafifia, vyombo vya habari vyajaribu kuziokoa

TAREHE 23 ya mwezi wa 12 katika kalenda ya jadi ya China, familia za kaskazini mwa nchi hiyo zilikuwa zikiipaka sukari midomo ya picha ya Mungu wa Jikoni, kisha zikaichoma. Iliaminika kwamba usiku huo hupaa mbinguni kueleza mwenendo wa watu wa nyumba, na utamu ule ulikusudiwa kumfanya aseme mema tu. Leo mamilioni ya Wachina huishi katika maghorofa, hupikia gesi, na meko ya kubandika picha hiyo hayapo.

Kuhamia mijini si sababu pekee. Mwaka 1967, wakati wa Mapinduzi ya Kitamaduni, serikali ilifuta likizo ya Mwaka Mpya wa jadi. Nao usimamizi wa Beijing ulipiga marufuku fataki katikati ya jiji mwaka 1993, ukalegeza amri hiyo mwaka 2005, na kufikia mwaka 2022 marufuku ikaenea jiji zima. Sikukuu ya Chakula Baridi, ambapo moto haukuwashwa, ilikwisha kumezwa kitambo na Qingming, siku ya kuzuru makaburi.

Magazeti ndiyo yaliyopiga kengele. Mwaka 2004 yaliandika kwamba Korea Kusini ilitaka UNESCO itambue tamasha lake la Gangneung Danoje, lenye asili moja na sikukuu ya Wachina ya mashua za joka. Hasira ilipanda, ingawa matamasha hayo mawili hayafanani sana. Korea ilifaulu mwaka 2005. China nayo iliifanya sikukuu yake kuwa likizo ya umma mwaka 2008, pamoja na Qingming na ile ya katikati ya vuli, na mwaka 2009 ikaiandikisha UNESCO. Mwaka Mpya wenyewe uliandikishwa mwaka 2024.

Televisheni, kwa upande wake, ni mwokozi na mshtakiwa pia. Tangu mwaka 1983, tamasha la CCTV la mkesha wa Mwaka Mpya limekusanya familia sebuleni. Lakini saa zile za kukesha, ambazo wazee walizitumia kusimulia, zikachukuliwa na kioo. Bahasha nyekundu ya pesa, ambayo mtoto aliipokea baada ya kumsujudia mkubwa wake, tangu mwaka 2014 hutumwa pia kwa simu kupitia WeChat.

Faida iliyo wazi zaidi, kwa maoni yangu, ni ya kumbukumbu. Huko Yangliuqing, Tianjin, picha za Mwaka Mpya huchapwa kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kisha nyuso hupakwa rangi kwa mkono. Filamu na video huonyesha mkono huo hatua kwa hatua, na wanunuzi hupatikana. Ila wengi wao huitundika picha ukutani kama pambo, badala ya kuibandika mlangoni na kuibadilisha kila mwaka.