Karatasi Isiyowekwa Amana

Abiria anayesubiri chombo cha kwenda Pemba kwenye gati la Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, huwa amekwisha kuigawa mali yake mafungu mawili. Nguo, zawadi na chakula cha njiani vimo begini, na begi hilo hata mtu asiyemjua atamwomba amshikie. Pasipoti na noti chache vimo mwilini: kwenye mfuko ulioshonwa kwa ndani ya suruali, kwenye mshipi chini ya kanzu, kwenye pindo la leso lililopigwa fundo, au ndani ya sidiria. Desturi hii imezoeleka hata hakuna anayeuliza ilianzaje, na ukimuuliza msafiri sababu yake atakujibu kwa neno moja: wezi. Jibu hilo ni la kweli, ila kwa historia ya pwani hii naliona dogo mno. Wezi wamekuwapo tangu zamani, na dhidi yao watu wa Vumba, Wasini na Vanga walikuwa na kinga nyingi za kulinda fedha. Iliyo bora kati ya kinga hizo haikuhitaji nguo hata kidogo. Kitu kilichokuja baadaye, na ambacho hakikupata mlinzi mwingine isipokuwa mwili wa mwenyewe, ni karatasi inayosema mtu huyu ni nani. Nadai kwamba mfuko wa siri wa msafiri wa Shimoni, kwa umbo na umuhimu ulio nao leo, umeletwa na mpaka na ofisi kuliko ulivyoletwa na mchopozi.

Tuanze na fedha yenyewe, maana uzito wake unasema mengi. Karne ya 19 sarafu kubwa ya biashara pwani ilikuwa riale ya Maria Theresa, fedha yenye uzito wa gramu 28, iliyoendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule wa 1780 hata miongo mingi baada ya malkia huyo kufa. Riale mia moja zina uzito wa karibu kilo tatu. Rupia ya Kihindi ilikuwa nyepesi zaidi, chini kidogo ya gramu 12, na bado rupia mia zingemvuta mtu shuka lake hadi chini. Mwanamume aliyejifunga kikoi alifutika kibindoni fedha ya matumizi: pesa za shaba, rupia mbili tatu, pengine na tambuu yake. Mwanamke alizifunga kwenye pindo. Mali ya maana haikusafiri hivyo. Ilisafiri ikiwa nguo za marekani, shanga, pembe, nafaka na nazi. Na ilipobidi iwe fedha taslimu, iliwekwa amana kwa nahodha, au ikaandikiwa hawala na mfanyabiashara wa Kihindi ili mwenzake wa Mombasa au Zanzibar ailipe. Amana hiyo ilikuwa na sheria zake katika fikihi, kadhi wa kuzisimamia, na zaidi ya yote ilikuwa na sura za watu wanaofahamiana bandari kwa bandari. Nahodha aliyekula amana ya mtu hakupata tena mzigo wa kupakia.

Kulikuwa na safari moja ambayo mtu alitoka nje ya mtandao huo wa kufahamiana, nayo ni hija. Hapo hamiani, ule mfuko mrefu wa kufunga kiunoni, ulikuwa na kazi kubwa. Wanazuoni walilijadili jambo hili mapema, na wengi wao walimruhusu aliyehirimia kufunga hamiani yenye masurufu yake, ingawa mwanamume katika ihramu havai nguo iliyoshonwa kufuata mwili. Ruhusa hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Waliokubali mshipi wa fedha katikati ya ibada iliyomvua mtu karibu kila kitu walikuwa wanakiri kwamba msafiri wa mbali, asiye na mdhamini, hana mlinzi ila kiuno chake. Kwa mtu wa Wasini hali hiyo ilikuwa ya safari moja katika maisha, kama alijaliwa. Nyumbani, na hata Pemba ng'ambo, alikuwa na wadhamini.

Karatasi yenye uzito wa maisha ilifika hapa kwa njia chungu. Simulizi za Shimoni zinasema mapango yaliyoupa mji jina yalitumika kuwazuia watumwa kabla ya kupakiwa vyomboni. Shirika la Kiingereza lililopewa hati ya kifalme mwaka 1888, Imperial British East Africa Company, ambalo Shimoni ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya awali, lilikuta mamia ya watoro wamekimbilia misheni za karibu na Mombasa na mabwana zao wanawadai. Wakala wake George Mackenzie alikubaliana na wadai walipwe fidia, na mwanzoni mwa Januari 1889 huko Rabai hati za uhuru zikagawiwa kwa watu zaidi ya 1,400. Fikiri hati ile ilikuwa kitu gani kwa aliyeipokea. Kabla yake, uhuru wa mtu ulithibitishwa na watu: ukoo, wazee, mashahidi waliosikia bwana akitamka. Sasa ulithibitishwa na kipande cha karatasi, na palipokosekana karatasi, neno la aliyeachwa huru lilikuwa na thamani ndogo mbele ya neno la anayemdai. Fedha angeweza kumwachia mtu. Hati hii angemwachia nani? Akiitenga na mwili wake hata kwa siku moja, siku hiyo amerudi kuwa mtu wa kudaiwa.

Wakati huohuo ardhi nayo ilikuwa inachorwa mstari. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yaliuanzisha mpaka kwenye mdomo wa mto Umba, jirani na Vanga, kisha ukakatiza kwenda Ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro. Watu wa Vanga, Jimbo na Jasini waliokuwa wakioana na kulima pande zote wakajikuta chini ya bendera mbili. Kwa miaka mingi mstari ule haukumzuia mvuvi wa dago, yaani kambi ya msimu, anayefuata samaki na upepo wa kusi, lakini ulikuwa umekwisha kuweka swali ambalo siku moja lingehitaji jibu la maandishi: wewe ni wa wapi?

Swali hilo lilipoanza kuulizwa kwa nguvu, lilining'inizwa shingoni. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu mwanamume wa Kiafrika wa umri wa kazi kubeba kipande chenye jina lake, alama za vidole, ajira zake na mshahara. Kilitiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa kwa kamba. Asiyekuwa nacho alitozwa faini au kufungwa. Mdigo na Mduruma aliyekwenda kutafuta kazi mashambani alivishwa. Aliyehesabiwa Mwarabu hakuvishwa, na hapa pwani ambapo nyumba moja huwa na nasaba tatu, tofauti hiyo iliuma. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922, na kikaendelea kuvaliwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Huwa nawaza kwamba watu wa pwani walikuwa tayari na desturi ya kuvaa maandishi. Hirizi ni karatasi iliyokunjwa, ikashonewa ndani ya kitambaa au ngozi, ikafungwa mkononi, shingoni au kiunoni, na haivuliwi ovyo. Ufundi wa kushonea karatasi mwilini ulikuwapo kabla ya serikali kuitaka karatasi. Tofauti ni kwamba hirizi ilimkinga aliyeivaa, na kipande kilimkinga mwajiri dhidi ya aliyekivaa.

Kuhusu umbo la mfuko wenyewe, bahari ilitoa masharti yake. Kibindo ni kizuri barabarani na kibaya ufukweni. Pasipo gati, abiria hushuka chomboni na kukanyaga maji, nayo humfika kiunoni, palepale alipofutika mali yake. Riale haidhuriki kwa chumvi, karatasi huharibika. Kwa hiyo nyaraka za wavuka bahari zilipanda juu, kutoka kiunoni kwenda kifuani na shingoni, na zikatafutiwa ngozi ya pili ya nailoni. Fundi cherehani anayeombwa kutia mfuko wa ndani kwenye kanzu ya msafiri huuweka kifuani upande wa kushoto, wenye kifuniko na kifungo, na mteja anauongezea plastiki yake.

Uzito kamili wa karatasi ulionekana kuanzia wakati wa uhuru. Mkataba wa Oktoba 1963 uliutoa ukanda wa pwani wa maili kumi katika milki ya Sultani wa Zanzibar na kuuweka Kenya. Januari 1964 yakaja mapinduzi ya Zanzibar, na vyombo vikavuka mkondo wa Pemba, takriban kilomita 50, vikiwa na watu waliotoka bila ruhusa. Wengine waliokuja kuvua kwa msimu hawakurudi tena. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa miaka karibu saba ujirani wa Vanga na Tanga ulikuwa kosa la kisheria. Kisha Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji wa upinzani Pemba, zaidi ya watu 2,000 walikimbilia Kenya, na wengi wao walitua hapa Shimoni kwa mashua. Mji mdogo wa wavuvi ukawa mlango wa wakimbizi. Mtu anapokimbia usiku kwa mashua, kila alichoacha atakitafuta upya kwa jasho, ila karatasi. Asiyekuwa nayo aliandikwa na wageni kwa maneno aliyoyasema mwenyewe, na maneno hayo peke yake ndiyo yaliyokuwa ushahidi wake.

Wapo watakaosema nimeikuza karatasi na kuidharau fedha: pasipoti ikipotea hutolewa nyingine, na fedha ikiibwa haina nakala. Kwa raia anayetambuliwa hilo ni kweli. Ataandikisha taarifa polisi, atalipa, atasubiri, ataipata. Lakini kupewa karatasi ya pili kunahitaji ya kwanza iwe imekubaliwa, na pwani ya kusini imejaa watu ambao ya kwanza ilikuwa ndiyo vita yao. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye miwa ya Ramisi na mkonge walizaa watoto na wajukuu Kwale bila vitambulisho. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia, wakaupata. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja zaidi. Januari 2023 ndipo walipotangazwa kuwa mojawapo ya makabila ya Kenya, na Julai mwaka huohuo nyaraka zikakabidhiwa huko Kilifi. Kabla ya hapo, mvuvi wa Kipemba aliyezaliwa Shimoni akazeeka Shimoni hakuweza kukata leseni ya kuvua kwa jina lake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni simu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, fedha imeondoka kibindoni. Basi kama hoja yangu ni ya kweli, mfuko wa siri ungebaki, na kama wezi ndio sababu, ungepungua kazi. Umebaki. Mfanyabiashara anayepita Lunga Lunga kwenda Horohoro ana noti chache mwilini na akiba yake kwenye laini, lakini pasipoti au hati yake ya kusafiria bado imegusana na ngozi. Zaidi ya hayo, laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Mpemba asiyekuwa nacho alilazimika kutumia jina la jirani kuhifadhi fedha aliyoivua mwenyewe baharini, yaani aliirudisha fedha yake kwenye amana ya kizamani kwa sababu alikosa karatasi. Sidhani kuna ushahidi ulio wazi kuliko huo wa ni kipi kati ya viwili hivi kinachomlinda mwenzake.

Hata hivyo, siwezi kuusifu mfuko kupita uwezo wake. Wasichana wa Kwale na Mombasa wanaokwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani hushauriwa na mama zao kushonea pasipoti ndani ya nguo. Wanavuka uwanja wa ndege salama, wanafika salama, kisha mwajiri anaiomba pasipoti mchana kweupe, sebuleni, na kuifungia kabatini. Kunyang'anywa pasipoti kwa namna hii kumeripotiwa tena na tena chini ya utaratibu wa udhamini wa mwajiri uitwao kafala, hata katika nchi ambazo sheria inakataza jambo hilo. Hakuna fundi awezaye kushona kinga dhidi ya mtu anayeomba kwa mamlaka. Mfuko wa siri huficha kitu kwa asiyejua kilipo. Mwajiri, kama ofisa wa zamani aliyedai kipande, anajua kwamba kipo na kwamba mbebaji hatembei bila yeye kuruhusu. Anayetaka kumsaidia binti wa Msambweni anayefunga safari amfundishe mahali pa kuificha, sawa, na pia amwandikie namba ya pasipoti ile pembeni, aache nakala yake nyumbani, na ampe mawasiliano ya ubalozi kabla hajapanda ndege.