Baki na Chombo: Historia Fupi ya Kusimamisha Mashua Iliyopinduka

Wahenga walisema, mfa maji haachi kutapatapa. Darasani methali hii hufafanuliwa kama mfano wa mtu aliyeshindwa ambaye bado anahangaika kujiokoa. Mimi nimezaliwa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, karibu kabisa na ufuko wa Ziwa Kivu, na nyumbani kwetu methali hii haitamkwi ovyo. Katika insha hii nitaeleza historia ya jambo moja dogo: watu hufanya nini chombo kinapopinduka majini? Nitajaribu kuonyesha kwamba ujuzi huo ni wa zamani, kwamba una kanuni zinazofanana kutoka ziwani kwetu hadi pwani na hata Ulaya, na kwamba watu waliouhitaji zaidi, yaani abiria, ndio ambao hawakufundishwa kamwe.

Nilianza kulifikiria jambo hili likizo iliyopita. Rafiki yangu wa darasani, mwenyeji wa Mombasa, alikuja kututembelea. Yeye alifundishwa utotoni kuendesha mashua ndogo za tanga za mashindano. Nilimpeleka kwa baba yangu mdogo, ambaye amevua sambaza katika Ziwa Kivu tangu ujana wake.

"Shikamoo, mzee," alisema rafiki yangu.

"Jambo, mtoto wangu," alijibu baba mdogo, kwa Kiswahili chake cha Goma na Gisenyi ambacho hakina marahaba. Tulicheka, tukakaa.

Rafiki yangu alimuuliza swali ambalo mimi, kwa miaka yote, sikuwahi kumuuliza: mtumbwi ukipinduka, mnafanya nini?

"Unabaki nao," alisema baba mdogo. "Hata ukiona taa za mji, unabaki nao."

Rafiki yangu alishangaa. Alisema hiyo ndiyo kanuni ya kwanza waliyofundishwa Mombasa, kabla hata ya kuonyeshwa tanga. Baba mdogo hakuendelea. Nilijua sababu, nami nitaieleza baadaye.

Tuanze na vyombo vya kwetu. Mtumbwi wa kuchongwa kwa gogo moja, ambao kwa Kinyarwanda huitwa ubwato kama vyombo vingine vyote, una sifa moja kubwa: ni mti, na mti huelea. Ukipinduka au ukijaa maji hauzami. Wavuvi wawili huushika ubavuni na kuuzungusha mpaka mdomo wake utazame juu. Kisha huusukuma na kuuvuta kwa urefu wake, mbele na nyuma, ili maji yaliyomo yaruke na kumwagika kwenye ncha. Maji yakipungua kiasi, mmoja hushikilia ncha moja na mwenzake hupandia ncha ya pili, halafu humwaga yaliyobaki kwa kidumu kilichokatwa. Hakuna kitabu kilichofundisha hayo. Mtoto wa mvuvi hujifunza akicheza karibu na nchi kavu.

Hali ilibadilika uvuvi ulipobadilika. Mwaka 1959 samaki wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kuachiwa katika Ziwa Kivu. Ndio tunaowaita sambaza. Wanaishi mbali na ufuko na huvuliwa usiku kwa taa na wavu mkubwa unaoinuliwa kutoka chini. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtumbwi mmoja. Mradi wa maendeleo ya uvuvi uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, wenye makao yake Gisenyi, ulisaidia kueneza uvuvi huo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Hivyo tukapata vyombo ambavyo wageni hupenda kuvipiga picha jioni: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, ambayo wavuvi wenyewe huita ikipe.

Ikipe ni imara. Miili yake mitatu huifanya isiyumbe kirahisi, na wavuvi huweza kusimama na kuvuta wavu bila hofu. Lakini uimara huo una bei yake. Kinachokizuia chombo kipana kisipinduke ndicho hichohicho kinachokizuia kisirudi kikishapinduka. Mtumbwi mmoja huzungushwa na watu wawili. Ikipe iliyolala juu chini haizungushwi na watu walio majini.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Ngalawa ni mtumbwi mwembamba uliopewa mirengu pande mbili ili ubebe tanga bila kupinduka. Wanahistoria wengi huihusisha mirengu hiyo na mabaharia wa kale waliovuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa Indonesia, haohao ambao lugha yao iliacha mizizi Madagaska. Mpaka leo ngalawa hushindanishwa Unguja, na nahodha hodari hujua kuusoma upepo ili mrengu wa upande mmoja usididimie, kwa sababu ukididimia, kazi ya kuiinua ngalawa ni kubwa.

Mashua ndogo za mashindano zilichukua njia nyingine. Hazikujengwa ili zisipinduke. Zilijengwa ili zipinduke na kurudi. Wazo lenyewe lilianzia kwenye mashua za uokoaji. Mwaka 1851 nchini Uingereza lilifanyika shindano la kubuni mashua ya uokoaji, na mshindi akawa James Beeching, fundi wa Great Yarmouth, ambaye mashua yake iliweza kujigeuza yenyewe baada ya kupinduliwa na wimbi. Mashua za michezo hazikuwa na uwezo huo kwa muda mrefu. Zilikuwa wazi, na zikipinduka zilijaa maji mpaka chombo kingine kije kuzivuta. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi imara ziliwawezesha mafundi kujenga ndani ya mashua vyumba vilivyozibwa, vyenye hewa tupu. Mashua ya Mirror, iliyotokea Uingereza mwaka 1962, iliuzwa kwa vipande ili mtu aiunge mwenyewe nyumbani, na vyumba vya hewa vilikuwa sehemu ya ubunifu wake. Mwaka 1970 Bruce Kirby wa Kanada alibuni mashua ya mtu mmoja iliyokuja kuitwa Laser, nayo ikaingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996.

Tangu hapo kupinduka kumekuwa sehemu ya mchezo. Anayepinduka na kuisimamisha mashua yake mwenyewe huendelea na mashindano. Rafiki yangu alinieleza hatua zake, nami naziandika kama alivyozisema. Kwanza, ita jina la mwenzako usikie akijibu. Pili, usiiachilie mashua hata kwa mkono mmoja. Tatu, legeza kamba ya tanga, kwa sababu tanga lililofungwa litabeba maji wakati wa kuinuka, kisha litashika upepo na kuiangusha mashua upande wa pili. Nne, zunguka mpaka upande wa tumbo la mashua, ushike ule ubao unaoshuka majini katikati yake, uupande na uegemee nyuma kwa uzito wako wote. Mwenzako hubaki upande wa pili, amejilaza kando ya mwili wa mashua, ili inapoinuka imzoe na kumwingiza ndani. Tano, fanya haraka, kabla mlingoti haujaelekea chini kabisa.

Baba mdogo alisikiliza yote, kisha akasema, "Ni mtumbwi uleule. Nyinyi mmeongeza kitambaa."

Nadhani alisema kweli. Tofauti iko mahali pengine. Ujuzi wa wavuvi haukuandikwa, na ule wa mashua za mashindano uliandikwa lakini ukafungiwa. Klabu za mashua za Afrika Mashariki, kama ile ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1910, zilikuwa kwa miaka mingi ya ukoloni mahali pa Wazungu. Mwafrika aliyevuka ziwa au mlango wa bahari kwa kazi yake hakufundishwa la kufanya chombo kikilala. Baada ya uhuru vyombo vya abiria viliongezeka ukubwa, na ujuzi ukabaki palepale.

Matokeo yake tunayajua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Kwa muda meli hiyo ilielea juu chini, kwa sababu hewa ilikuwa imenaswa ndani yake, na watu walisikika wakigonga. Waokoaji walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka, na meli ikazama. Siandiki hili kuwalaumu waliojaribu kuokoa. Naliandika kwa sababu linaonyesha kwamba hewa iliyonaswa ndani ya chombo kilichopinduka ndiyo iliyokuwa ikikishikilia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafa. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa akiwa hai ndani ya kivuko hichohicho, mahali palipobaki na hewa. Kivuko chenyewe kilisimamishwa siku chache baadaye, kikavutwa ufukweni.

Kwetu ni tarehe 3 Oktoba 2024. Boti ya MV Merdi ilitoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwenda Goma. Ilipinduka mbele ya bandari ndogo ya Kituku, watu wa ufukweni wakitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na vifo 78. Kituku iko upande wa pili wa mpaka, lakini ziwa halina mpaka, na Gisenyi kuna familia zilizopokea simu siku hiyo.

Sasa nirudi kwa baba mdogo. Mwaka 2013 alitoka usiku kwa mtumbwi mmoja kuifuata ikipe yake, akiwa na mwanawe wa kwanza, ambaye mimi nilimwita kaka. Upepo uliwapindua. Mtumbwi ulielea. Baba mdogo alikuwa ameushika, akamwambia mwanawe aushike pia. Lakini taa za Gisenyi zilionekana karibu, na kaka alikuwa muogeleaji mzuri kuliko sisi wote. Aliondoka ili akalete msaada. Baba mdogo alipatikana alfajiri, bado ameushika mtumbwi. Kaka alipatikana siku ya tatu.

Kwa Kinyarwanda, mtu akizama tunasema yarohamye, na kumtoa majini ni kurohora, kitenzi kilichojengwa kwa mzizi uleule kikigeuza maana. Kiswahili kina kuopoa. Lugha zetu mbili zina maneno ya kumtoa mtu majini. Lakini kukirudisha chombo sawa ili mtu asihitaji kuopolewa, hilo nimelazimika kulieleza kwa maneno mengi katika insha nzima. Nadhani ni kwa sababu hatukulifundisha hadharani, na jambo lisilofundishwa halipati jina linalojulikana na wote.

Kwa kumalizia, napendekeza kwamba shule zilizo kando ya maziwa yetu, kuanzia Rubavu hadi Ukerewe, zifundishe mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi: kubaki na chombo, na kukisimamisha kile kidogo kinachoweza kusimamishwa na watu wawili. Historia ya ajali zetu imeandikwa kwa hesabu za waliokufa. Inafaa pia iandikwe kwa yale ambayo walionusurika waliyajua.

Siku moja kabla rafiki yangu hajarudi Mombasa, baba mdogo alitupeleka penye maji ya kifuani, akaupindua mtumbwi wake kwa makusudi, akatuambia tuusimamishe. Ilituchukua majaribio manne. Mara mbili za kwanza niliuachia, na mara zote mbili alinifokea kwa jina la kaka.