Kusawazisha na Kurudishia Nyasi

Bustani ya nyasi mbele ya nyumba haichukui muda kuharibika. Hapa maji ya mvua yanatuama, pale ukoka umekufa na ardhi imebaki kipara. Kuitengeneza kuna hatua mbili, na kila hatua inahitaji jina lake. Kwa Kiswahili zinafaa kuitwa kusawazisha na kurudishia.

Kusawazisha ni kujaza mabonde na kuondoa vinundu ili maji yapite bila kusimama. Ardhi haitakiwi kuwa bapa kabisa: iachiwe mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita 1, ukielekea mbali na ukuta wa nyumba. Vigingi, kamba na pima maji vinatosha kuupima. Penye bonde dogo humwagwa udongo tifutifu uliochanganywa na mchanga na mboji, safu ya kama sentimita 1 kwa mara moja, kisha husambazwa kwa reki mpaka ncha za majani zionekane. Nyasi zikifukiwa zote hukosa mwanga na kufa. Shimo kubwa lina njia yake: kata pande la nyasi pamoja na mizizi, liinue, jaza udongo chini, shindilia, kisha lirudishe mahali pake.

Hatua ya pili, ya kujaza nyasi penye kipara, wengine huiita kulima upya. Jina hilo halifai, na Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, inaonyesha sababu. Kwenye nyanda za juu za Ufipa, wakulima wamerithishana kilimo cha intumba. Mvua zikielekea kwisha, hupindua nyasi pamoja na udongo wake na kuzirundika katika vilima vya duara ili zioze ndani, na maharage hupandwa juu yake. Msimu unaofuata vilima hutawanywa, ulezi ukasiwa kwenye udongo uliorutubika. Huko ndiko kulima: nyasi hufa ili shamba lipate nguvu. Katika bustani ya nyumbani, nyasi zilizo hai ndizo mtaji. Anayezipindua amepoteza alichotaka kukiokoa.

Kuiita kupanda mbegu upya nako kunaibana maana, kwa kuwa ukoka wetu mara nyingi hupandwa kwa vipande vya mashina yanayotambaa. Kurudishia kunabeba yote mawili, mbegu na vipande. Tena ni neno la shambani: mahindi yasipoota, mkulima hurudishia mashimo yaliyobaki matupu na kuiacha miche mingine iendelee kukua. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Wakati wa kurudishia hutegemea mvua. Kwa mfano, Mtowisa, bondeni kwa Ziwa Rukwa, mvua zina msimu mmoja, kuanzia kama Novemba hadi Aprili. Kwa hiyo rudishia mvua zinapoanza kushika. Kwaruza kipara kwa reki, fukia kila kipande cha ukoka ukihakikisha vifundo viwili viko chini na ncha iko juu, kisha kanyaga taratibu. Kama ni mbegu, zifunike kwa udongo kidogo sana, maana ni ndogo mno. Mvua ikikatika, mwagilia mpaka zishike.

Wataalamu wa istilahi na maofisa ugani wanaoandika vijitabu vya bustani wayachukue maneno haya mawili kwa mpangilio huu: kwanza sawazisha, kisha rudishia. Mkulima yeyote atayaelewa bila kufunua kamusi.