Mgeni, Mwenyeji na Hati: Habari za Sheria za Kuingia na Kukaa Kenya

Wazee wetu wa heshima, na ndugu wanachama,

Nyumba nyingi za Marani zina mtoto aliye ugenini, tena wengine wako ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo yafaa katika taarifa hii ya mwaka tukumbushane jinsi sheria za wageni zilivyokuwa katika nchi yetu.

Hapo kale mtu aliyekimbia vita au njaa, alipofika Getutu, hakuulizwa hati. Aliulizwa mwenyeji wake. Aliitwa omomenyi. Alipewa mahali pa kujenga na kulima, akawa chini ya ulinzi wa ukoo uliompokea. Getutu ilipata nguvu nyingi kwa kuwapokea watu wa namna hiyo.

Serikali ya Kiingereza iliugeuza utaratibu huo. Kati ya mwaka 1896 na 1901 ilileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu. Wengi walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki. Nao walowezi wa Kizungu walikaribishwa kwa mashamba, na sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ikawaruhusu kuyakodi kwa miaka 999. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuwaandikisha Waafrika, nayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Kuu. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikasha cha chuma kilichotundikwa shingoni. Kijana wa Kisii aliyekwenda kuchuma chai Kericho, bwana wake asipotia sahihi kwamba amemwachilia, hakuweza kuandikwa kazi kwingine. Hivyo aliyevuka bahari akawa mwenyeji, na mwenye nchi akatembea kama mgeni. Kipande hicho kilidumu hata mwaka 1947, ilipotungwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi hawakuomba. Mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, ili Waafrika nao wapate kazi na maduka. Asiyekuwa raia alihitaji kibali. Maelfu wakakimbilia Uingereza, ambayo pasi zao zilikuwa zake. Lakini tarehe 1 Machi 1968 Uingereza nayo iliwafungia mlango kwa sheria mpya, ikatoa nafasi 1,500 tu kwa mwaka kwa wakuu wa jamaa. Mtu akawa amesimama kati ya nyumba mbili, na zote mbili zimefungwa.

Tena wako Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Walizaa na kuzikana hapa bila vitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi mwaka 2016, ndipo Serikali ikawatambua.

Katiba ya mwaka 2010 imeleta nafuu. Mtoto aliyezaliwa ng'ambo sasa hupata uraia kwa baba au kwa mama, na raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Jambo hili lawahusu watoto wetu walioko Minnesota na kwingineko.

Wazee wangu, kwa unyenyekevu nasema mambo mawili. Kwanza, kila mzazi aandikishe mtoto wake mapema na azihifadhi hati zake, kwa maana sheria haimngojei aliyechelewa. Pili, mgeni aliye kati yetu tumpime kwa kipimo kile tunachotaka watoto wetu wapimiwe huko waliko. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Getutu ilipona kwa njia hiyo.

Ni mimi mtumishi wenu,
Karani wa Chama