Fahamu: chai ya siku ya posho na siku ya yenga katika familia za mashariki mwa Congo

Bukavu, Goma, Uvira, Butembo ao Kisangani, mtu akikuuliza « Umekunywa chai? » anataka kujua kama umekula asubuhi. Hata uliyekula bijumbu na maji tu unaweza kujibu ndiyo. Kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya tano, hiyo chai iko fupi sana: andazi moja la kununua njiani, kikombe cha buyi kwa mama muuzaji kando ya barabara, ao hakuna kitu mpaka mtu arudi nyumbani jioni. Mwisho wa juma ndipo mbabula inawashwa asubuhi na sufuria inawekwa bila haraka. Kwa familia nyingi, ni hapo tu baba, mama na watoto wanakula asubuhi pamoja.

Asubuhi mbili zisizofanana

Jina la siku ya posho lenyewe limetoka kwenye chakula. Wakati wa ukoloni, makampuni yalikuwa yanagawia wafanyakazi wao chakula cha juma, na mgawo huo uliitwa posho. Leo, katika miji mingi, siku hiyo ni ya salongo, kazi ya pamoja iliyoenea wakati wa utawala wa Mobutu, miaka ya 1970. Watu wanafagia, wanazibua mifereji, maduka yanabaki yamefungwa. Kwa hiyo chai ya siku ya posho inakuja baada ya jembe na chepeo, na inapaswa kushibisha: maharagi, mihogo, bugali na mboga.

Siku ya yenga inafuata saa ya kanisa. Wanaoenda misa ya kwanza wanakula wakirudi, na hapo chai inaweza kuendelea mpaka karibu na chakula cha mchana. Wanaosali saa za baadaye wanakula mbele ya kutoka. Kwa Waadventista, siku ya posho ndiyo Sabato, basi mama anapika siku ya tano mbele ya jua kuzama, na asubuhi kinabaki kupashwa moto tu.

Kila eneo na sahani yake

Katika milima ya Masisi na Lubero, birayi na maharagi ndivyo vinakuwa mbele. Masisi ni pia eneo la ng'ombe. Maziwa yake yanatoa mashanza, na fromaji ya duara inayojulikana mpaka Kinshasa, ijapokuwa nyumba nyingi zinaiuza kuliko kuila.

Kando ya ziwa Kivu, sambaza za kukaanga zinakulwa na bijumbu ao mihogo ya kuchemsha. Wengi wanafikiri hizi samaki ndogo zilikuwa katika ziwa hilo tangu zamani. Lakini zililetwa kutoka ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1959, kwa sababu ziwa Kivu lilikuwa na samaki za aina chache. Uvira, wako na ndagala za ziwa lao. Kisangani, watu wanaponda ndizi za makemba na kutengeneza lituma.

Halafu kuna chakula kilicholala. Bugali ya jana inakatwa vipande na kuchomwa juu ya makala mpaka inakuwa ngumu kwa nje. Sombe iliyolala inapashwa, na wengi banasema inakuwa tamu kuliko jana yake. Lakini katika joto la Uvira ao Kisangani, chakula kilicholala kinaharibika upesi: kinapaswa kufunikwa vizuri usiku, kuchemka kabisa asubuhi, na kutupwa kama kimebadilika harufu.

Kuhusu kinywaji, kuna jambo la kushangaza. Kivu inalima kahawa ya arabika kule Idjwi, Kalehe na Lubero, lakini sehemu kubwa inauzwa inje ya nchi. Nyumbani, kikombe cha kawaida ni chai ya majani, yenye tangawizi ao sitronele, na sukari nyingi.

Makala ndiyo yanaamua

Mara nyingi kinachokatisha chai ya asubuhi ni makala. Maharagi makavu yanaweza kumaliza saa mbili ao zaidi kwenye mbabula, na bei ya makala inapanda kila mara barabara inapofungwa kwa sababu ya vita ao mvua. Sehemu ya makala ya Goma inatoka katika miti ya hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambamo kukata miti kumekatazwa. Wenye umeme, kama ule wa Matebe ulioanza kutolewa mwisho wa mwaka 2015 karibu na Rutshuru, wanaweza kutumia resho. Wengi wanabaki na mbabula.

Akina mama wako na njia za kupunguza matumizi. Maharagi yanalowekwa usiku kucha na yale maji yanamwagwa: yanaiva upesi zaidi. Sufuria inafunikwa. Ikiisha kuchemka vizuri, inaweza kuondolewa motoni na kufungwa na vitambaa ndani ya kikapu. Maharagi yanaendelea kuiva yenyewe, na makala yaliyobaki yanachemsha chai.

Kikombe cha mtoto

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hazilijui. Chai ya majani inazuia mwili kuchukua vizuri madini ya chuma yaliyo katika maharagi, sombe na lengalenga. Mtoto anayekunywa chai kali pamoja na chakula anaweza kula maharagi mengi na bado akakosa damu. Kwa mtoto, maji, maziwa ao buyi vinafaa zaidi. Mtu mkubwa naye anaweza kungojea karibu saa moja kiisha kula ndipo anywe chai yake.

Buyi inayofaa zaidi ni ile inayoitwa masoso: mahindi, soya na sogo (mtama) vilivyosagwa pamoja. Soya inapaswa kukaangwa mbele ya kusagwa. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 hahitaji hata buyi hiyo: maziwa ya mama peke yake yanatosha. Kiisha miezi 6 anaanza, na maziwa ya mama yanaendelea.

Kwa nyumba isiyo na pesa ya fromaji ao mayai, chai nzuri ya siku ya yenga inaweza kuwa hii: maharagi yaliyolowekwa tangu jana, bijumbu, lengalenga kidogo, masoso kwa watoto. Vyote vinapatikana sokoni siku ya posho, salongo ikiisha.